Mpishi wa Ndani, Mtu wa Nje

Viatu vyake vyeupe havikuwahi kukanyaga udongo wa kwetu. Kila jioni, king'ora cha zamu kikishalia, alitoka getini, akainama, akavivua, akavigonganisha ingawa havikuwa na vumbi, akavifunga kwenye gazeti na kuvitia kwapani. Halafu alitembea pekupeku mpaka nyumbani kwake, akisalimia mlango kwa mlango. Asubuhi alirudi hivyo hivyo, na pale getini alijipangusa nyayo kwa kitambaa ndipo avivae. Ukimwuliza sababu, alisema viatu ni vya Ndani na miguu ni ya Nje, na yeye hapendi kuchanganya vyombo.

Tulimwita Mpishi. Jina alikuwa nalo. Padri alilijua, na karani wa mgodi alilijua. Lakini mimi niliyeishi naye tukitenganishwa na ua wa minyaa miaka mingi kiasi kile sikuwahi kulitumia, na sasa nimezeeka mno kuanza.

Ndani palikuwa ni ndani ya uzio wa mgodi wa almasi. Mji mdogo, msafi, wenye barabara za lami zilizopigiwa mstari mweupe katikati, nyumba zenye baraza za wavu, duka lenye siagi na jibini, ukumbi wa sinema, na bwawa ambalo watu wazima waliingia kuoga bila ya kuwa na uchafu wowote. Nje ni sisi. Kitongoji chetu kilikuwa kando ya njia iendayo Maganzo, nyumba hamsini hazifiki, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeingia getini asubuhi: dereva, mlinzi, mkata majani, yaya, mpishi. Tulikuwa karibu hivi kwamba mtu akikaanga kitunguu, majirani watatu walijua leo kwa fulani hakuna mlenda. Ukikohoa, ulipewa pole na mtu usiyemwona. Mimi nililetwa pale nikiwa mwali, miaka ya mwanzo ya Uhuru, na mwezi wa kwanza nilidhani nitapata kichaa kwa kusalimiwa.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yetu. Jua likizama upande wa Shinyanga, taa za Ndani ziliwaka zote mara moja, nasi tuliokaa uani tukipeta mtama tuliacha mikono hewani kidogo. Kila siku ziliwaka, na kila siku tuliacha mikono. Mama mkwe wangu alisema zile ni nyota zilizoajiriwa, ndiyo maana haziwaki kwa masikini. Alilisema jambo hilo bila uchungu, anatafuna mchembe wake wa kiazi kilichokaushwa, macho kule. Na saa hiyo hiyo ndipo Mpishi alipotokea njiani, viatu kwapani, akinukia vanila, na tukajua siku imekwisha.

Saa ya mkononi hakuwa nayo. Muda aliupima kwa chakula. Kutoka kwake mpaka kisimani ilikuwa yai la kuchemsha. Kwenda Maganzo kwa miguu ilikuwa mkate, tena tangu kuukanda. Misa ya Jumapili aliiita nyama ya ng'ombe mzee, kwamba huwezi kujua itaiva lini. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, waliipenda hesabu hiyo wakaipeleka shuleni, wakamwambia mwalimu kuwa somo lake limezidi mkate mmoja na nusu. Walirudi wakijishika makalio. Na jambo refu kupita yote, kesi ya mipaka au ndoa ya watu wasiopendana, aliliita keki ya matunda. Hiyo, alitueleza, huokwa nusu siku kwa moto wa kubembeleza, kisha hufungiwa ndani ya bati miezi na miezi, inalala tu, na haina haraka. Tulishangaa watu wanaweza kuwa na chakula halafu wakakitazama miezi. Mama mkwe alisema huo si upishi, huo ni urithi.

Wanawake wa Nje tulimwandama ili atupe umbea wa Ndani. Hakutupa hata punje. "Jiko lina masikio, halina mdomo," ndiyo ilikuwa kauli yake, na akishaisema hata umpe pombe ya mtama debe zima hupati neno. Mabwana zake walibadilika, Mzungu akaondoka akaja Mzungu mwingine, mwishowe akaja Mwafrika mwenzetu msomi, lakini hakuna aliyejua kutoka kwake nani alilia, nani alilala peke yake. Watu hakuwasema. Vitu ndivyo alivyovisema, na jinsi alivyovisema! Alitueleza maji yanayozunguka yenyewe juu ya majani mchana kutwa, yakitengeneza upinde wa mvua mdogo, kila nyumba na wake. Alitueleza chumba ambacho kazi yake ni kutunza nguo tu. Siku moja alitueleza kuwa friji ina taa ndani, ukiifungua unaikuta imewaka, na kwamba miaka yote hiyo hajapata kujua kama ukiifunga inazimika au inaendelea kuwaka mle gizani peke yake. Mama mkwe hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa akipepeta nafaka, anasimama, ananiita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mimi naona inawaka."

Sasa mtu huyo, aliyepika kila kilichopikwa Ndani, yeye mwenyewe hakukila. Kwake ulikuta ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa karanga. Alisema chakula cha Ndani ni cha mikono yake, si cha tumbo lake. Alikuwa mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa rozari, na mke wake alikuwa amefia huko zamani bila kumwachia mtoto. Kisukuma alijidai hakijui, lakini tukimsengenya kwa Kisukuma mabega yalimtikisika kwa kicheko. Kisumbwa chake alikitumia kwa kuku wake tu. Aliwaamkia, akawauliza wameotaje. Na alikuwa na majivuno, tusidanganyane. Huwezi kumwambia chumvi imepungua akabaki pale. "Tangu nishike mwiko sijaunguza kitu," alisema mara nyingi mpaka watoto wakawa wanamtangulia kuisema. Wala haikuwa uongo. Tulimjua.

Sijaeleza alivyokuwa mtu wetu. Nilipoolewa nilikuta habari hiyo imeshakuwa hadithi ya nyumbani. Alikuja na sanduku moja, akapewa kibanda kilichopakana na uwanja wa mama mkwe. Asubuhi ya kwanza alisimama penye mwanya wa minyaa ameshika kigae cha chungu, anaomba moto. Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini, akachagua kaa lililoiva, akaliweka juu ya kigae kwa vidole vyake vilivyokuwa vimekwisha kufa kwa moto, akamwambia, "Umechukua moto wangu, basi una mama. Watu wa hapa ndivyo wanavyozaliwa." Tangu siku hiyo hakukosa. Kiberiti angeweza kununua, Ndani alikuwa anapikia jiko la umeme, lakini kila alfajiri alipitisha kigae penye mwanya ule. Na mama mkwe hakuuacha moto wake ufe. Jioni aliufukia majivuni, asubuhi aliufukua, na alidai ni moto ule ule aliokuja nao alipohamia. Jumapili baada ya misa Mpishi alikula kwetu. Mara moja aliokea keki kwenye sufuria juu ya mafiga yetu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mama mkwe alionja, akafikiri, akasema ni ugali ulioshtuliwa. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini.

Nieleze na desturi, maana bila hiyo hutanielewa. Watu wa Nje hatukuwa ukoo. Palikuwa na Wasukuma wengi, Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi, kila mtu na makaburi ya kwao mbali. Kwa hiyo ukoo wetu ulikuwa ni kuzikana. Mtu akifa, kila nyumba ilitoa mtu, kuni, unga na maji, na wanaume walichimba. Aliyekuwa karibu, mzima, asitokee, alitengwa. Kutengwa maana yake hapewi moto, hapewi maji wala chumvi, na salamu yake haiitikiwi. Na ilikuwa hivyo mpaka msiba mwingine utokee. Siku hiyo ndiyo alitakiwa kufika wa kwanza, ashike jembe kabla ya wote, na yakawa yamekwisha. Kwa kawaida haikuchukua muda. Mlinzi mmoja alitengwa siku tisa tu, kisha bibi kizee wa karibu na kisima akamwokoa kwa kufa.

Mama mkwe alikufa Ijumaa asubuhi, wakati wa kuokota pamba. Hakuumwa, alikaa chini kufukua moto, akaegemea ukuta. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa dereva wa basi la mgodi na pia balozi wetu wa nyumba kumi. Mchana ule ule aliingia Ndani akaenda mlango wa jikoni wa bwana wa Mpishi kumpa habari. Alimkuta mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Bwana yule alikuwa anamwoza binti yake kesho yake, na Mpishi alikuwa anatengeneza keki ya ngazi tatu. Ndani nzima ilikuwa inaisubiri. Bwana mwenyewe alikuwepo, akasikia, akampa pole, akamwambia mbele ya Baba Kulwa, aende akazike, harusi haitavunjika kwa kukosa keki. Mpishi aliitikia kwa kichwa kuwa amesikia, na usiku ule hakutoka Ndani.

Jumamosi walikuja wote. Hata mlinzi aliyekuwa na homa alikuja na blanketi. Kaburi lilichimbwa, likaisha. Baba Kulwa alikuwa anaitazama njia ya getini, anainamisha kichwa, anaitazama tena. Tulimngoja Mpishi, kama angesema mwenyewe, mkate mzima. Jua likawa kali juu ya jeneza. Mwishowe padri alisema hawezi kumngoja mtu mmoja, tukamshusha mama.

Alirudi jioni, taa za Ndani zilipowaka, viatu kwapani. Hatukuwa tumeondoka uani. Wazee walikuwa wanampenda, na nataka hilo lijulikane, kwa sababu walimfungulia mlango wa kutokea mapema. Fundi Baiskeli, mzee aliyetengeneza baiskeli za wafanyakazi wote wa Nje na aliyekuwa mkubwa kwa umri pale, alimwambia kwa upole, "Sema tu ulikatazwa. Tutaelewa. Kazi ya watu ni kazi ya watu."

Baba Kulwa alikuwa anajua kuwa hakukatazwa. Alikuwa tayari kuumeza uongo ule kwa ajili ya mama yake.

Mpishi alisimama katikati yetu akasema, "Sikukatazwa. Niliruhusiwa. Nilichagua keki."

Angesema ameumwa, angesema geti lilifungwa, angelia basi! Fundi alishusha pumzi, akasema maneno ya kutenga kama yanavyosemwa, na watu wakageuka mmoja mmoja, kila mtu akamwonyesha mgongo. Nakumbuka gazeti likichakacha kwapani pake alipokuwa anaondoka.

Asubuhi alikuja penye mwanya. Sijui kama ni mazoea ya miguu au alikuja kujaribu. Alikuwa ameshika kigae. Mimi nilikuwa nimekwisha kufukua moto wa mama, mara yangu ya kwanza bila yeye, na ulikuwa umekubali. Desturi ilinitaka nimnyime tu, nigeuze uso. Ilitosha. Lakini mimi nilichukua mtungi, nikamtazama machoni, nikamwaga maji juu ya makaa mpaka yakaacha kulia. Majivu yakaruka yakanishika uso. Aliangalia mafiga, akaangalia kigae chake, akarudi kwake. Ndipo nilipotambua nilichofanya: moto alioutunza mama mkwe miaka yote ile nimeuua mimi, siku ya pili tu ya kukabidhiwa, kwa hasira ya kumkomoa mtu. Nilienda kuomba moto kwa jirani, na nilidanganya kuwa mvua ya umande imeuzima.

Halafu likaja jambo ambalo sijapata kulisikia popote. Watu waliacha kufa.

Pamba iliisha, mvua zikaja, mtama ukakomaa, na Nje hapakufa mtu. Watoto waliugua surua wakapona wote. Bibi mmoja aliyekuwa anafariki kila mwaka wakati wa kiangazi, mwaka ule aliamka akalima viazi. Mwanzoni tulifurahi, baadaye tukaanza kutazamana. Mpishi alipita asubuhi na jioni katikati ya watu wazima wenye afya, haitikiwi, anachota maji bondeni kwenye madimbwi ya ng'ombe, na msamaha wake ulikuwa mikononi mwa mtu yeyote ambaye angekubali kufa. Hakuna aliyekubali. Ilikuwa miaka ya foleni, kiberiti kilikuwa adimu kuliko sukari, na zipo siku tuliona hakuna moshi kwake tangu asubuhi mpaka jioni. Alikula michembe mikavu. Watu wakasema, huyu akifa yeye mwenyewe kabla ya mwingine, atazikwa na nani? Desturi haikusema. Naye alilijua hilo kuliko sisi, maana hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mwaka ulipopita na miezi yake, Fundi Baiskeli akashikwa na kifua. Alilala. Siku ya nne alikuwa hajui watu, na sisi wanawake, Mungu atusamehe, tulikwisha kuanza kuangalia unga umebaki kiasi gani. Kila mtu alimkumbuka Mpishi. Wengine walisema sasa hivi anachonga mpini wa jembe.

Asubuhi ya siku ya tano, juu ya jiwe ambalo Fundi alikuwa akikalia kutengenezea baiskeli, ilikutwa sufuria yenye kifuniko. Ndani yake supu ya kuku, imechujwa, safi kama chai. Mke wa Fundi aliijua ile sufuria. Alisimama nayo muda, akatazama huku na huku, akaingiza ndani. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mpishi alikuwa na kuku wanane, wale aliowaamkia kwa Kisumbwa, na mimi kutoka uani kwangu nilikuwa naona wanavyopungua. Alikuwa amepata mtu wa kumkomboa, mzee, mgonjwa, aliyekwisha kukata tamaa, na alikuwa anamzuia asife. Siku kuku alipobaki mmoja, Fundi alikuwa amekaa kitako anatukana spoki.

Na Fundi alipoweza kutembea, akaja barazani kwetu mbele ya wazee, akatangaza kuwa amekula chakula cha mtu aliyetengwa, tena mfululizo, kwa hiyo na yeye ametengwa. Mke wake amemlisha, naye ametengwa. Na atakayemletea baiskeli kuziba pancha, huyo naye atakuwa ametengwa. Akarudi kukaa juu ya jiwe lake. Wanaume wote wa Nje walikuwa wakienda kazini kwa baiskeli, na njia yetu ina miiba. Hazikupita siku tatu.

Wazee walikaa, wakapata njia kama wazee wanavyopata. Walisema Fundi alikwisha kufa, ila amerudi, na kifo ni kifo hata kikirudishwa. Kwa hiyo Mpishi aitwe, achimbe. Alichimba shimo la taka nyuma ya nyumba ya Fundi, wa kwanza kushika jembe, huku Fundi mwenyewe amesimama juu anamwambia aongeze kina, anataka kupumzika vizuri. Tulicheka, wengine tulilia, na salamu zikaanza kuitikiwa. Walimpa maji, walimpa chumvi. Moto wangempa, lakini hakwenda kuuomba kwa mtu yeyote.

Wala mimi sikumpelekea. Nasema wazi, maana sasa hakuna wa kunichapa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamtumia Kulwa na mboga. Lakini moto ulikuwa wa jiko la mama mkwe, na aliyekuwa na haki ya kuutoa ni mimi, na kila asubuhi niliutazama ule mwanya wa minyaa nikajiambia kesho. Minyaa ikakua. Mwanya ukaziba. Baba Kulwa akastaafu, tukahamia Masumbwe alikokuwa amenunua shamba, na siku ya kupakia lori Mpishi alikuwa Ndani kazini.

Miaka ilipita. Nilikuwa bibi wa wajukuu watano wakati dereva wa lori la pamba alipotuletea salamu kwamba Fundi Baiskeli safari hii amekufa kweli. Baba Kulwa miguu ilikuwa imemkatalia. Nikaenda peke yangu.

Nilifika makaburini mapema nikidhani ni wa kwanza. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuingia mpaka magotini, anachimba polepole, pekupeku, hapati kuona vizuri anapotupa udongo. Vijana waliniambia mzee huyo, tangu wapate akili, hajawahi kutanguliwa katika mazishi yoyote. Hata ya watoto wachanga. Anafika kabla hata padri hajaambiwa.

Baada ya maziko nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, ameelekea uzio, ingawa sidhani kama taa zilimfikia tena machoni. Zenyewe zilikuwa zimepungua. Nilimwamkia, akaitikia, akainamisha sikio.

"Mama Kulwa," alisema. "Kigoda kipo hapo."

Tuliongea habari za miguu ya Baba Kulwa, za pamba, za Fundi. Ndani kwake palikuwa baridi. Mafiga matatu na majivu meupe ya siku nyingi, na kiberiti juu ya sanduku. Kigae kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa uzi, chini ya msalaba. Alijua nimekiona, sijui kwa njia gani.

"Ile keki," akasema, "niliiunguza."

Nilivuta kigoda karibu.

"Nilisimama dirishani. Dirisha la jiko lile lilikuwa linaona vumbi la makaburini. Nikawa najiambia, ikiiva tu nakwenda. Ikiiva tu. Nikaona watu mnakaa mnangoja, na nilijua mnamngoja nani. Sikwenda, na keki sikuitoa. Mpaka nikanusa. Ngazi zote tatu nilizitupa shimoni, wakala biskuti. Sasa ningesema nini pale kwenu? Kwamba nimekosa kumzika mama kwa sababu ya keki, na keki yenyewe hakuna?"

Nilitamani anitukane. Nilitamani aseme, na wewe je, yale maji? Hakusema, na hatujapata kusema mpaka leo. Niliinuka, nikakitoa kigae ukutani, nikatoka.

Kwenye nyumba yetu ya zamani alikuwa anaishi mke kijana wa mlinzi, ana mtoto mgongoni, anasonga ugali. Nilijieleza, nikamwomba moto. Mafiga yalikuwa yale yale matatu, moja limepasuka kona, ninalijua. Moto haukuwa ule. Ule niliuua mimi. Nilichagua kaa lililoiva, na kwa kuwa sikuwa na vidole vya mama mkwe niliungua. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu na minyaa ilikuwa imesimama kama ukuta. Nikapita katikati yake, ikanichana kitenge, utomvu wake ukanimwagikia mkononi, nikatokea upande wa Mpishi na kaa likiwa bado jekundu.

Niliinama penye mafiga yake nikapuliza. Alisikia kuni zikishika. Alinyoosha mikono yote miwili, akaiacha hapo.

"Wa jiko la Mama?" aliuliza.

"Wa jiko la Mama."

Mikono ikiwa bado juu ya moto, mabega yakaanza kumtikisika nisijue kama ni kilio au ni kile kicheko chake.

"Hili letu lilikuwa keki ya matunda, Mama Kulwa," alisema. "Weka maji, tunywe chai."